Karatasi ya Wasioonekana

Du-du-du, du-du, du… kisha kikohozi kimoja kirefu, kama cha mzee anayesafisha koo kabla ya kukataa posa, halafu kimya. Hiyo ndiyo sauti ya jenereta likizimwa saa tano kamili asubuhi, na Uwesu Mkwanda aliisikia kwa miaka kumi na zaidi, Jumatatu hadi Ijumaa. Hata leo ukimwomba asimulie habari za kile kituo cha afya cha misheni, kilichokuwa njiani kati ya Nachingwea na Ruangwa, ataanza na sauti hiyo kabla hajataja jina la mtu. Jenereta liliwashwa saa mbili ili kuchemsha vyombo vya wodi na kuvuta maji ya kisima. Kompyuta ilidowea tu. Kazi ambayo haikumalizika ndani ya saa hizo tatu ilikufa pamoja na jenereta, na kesho yake ikaanzwa upya.

Mtu mwingine angezoea. Uwesu hakuumbwa na subira ya kuzoea mambo. Alikuwa Myao mwembamba wa Chiola, mwenye shingo ndefu na macho yanayotangulia kufika kila mahali. Ugali aliumalizia mlangoni, tonge la mwisho mkononi. Ijumaa alikuwa wa kwanza kuvaa viatu msikitini. Mkewe, Mwamina, alichoka kumwambia, "Baba Mbaruku, kaa basi! Utadhani umekalia siafu."

Alianza maisha kwa kutengeneza redio sokoni Nachingwea. Mwaka tisini na tatu misheni ilimwita atazame friji ya chanjo iliyogoma, na kutoka hapo hakuondoka tena, maana katika kituo kile kilichogoma hakikuwa kimoja. Mwaka tisini na nane ikaletwa kompyuta, imetumika Ulaya hadi imechokwa. Padre aliuliza nani anaijua. Watu wakatazamana. "Basi apewe Uwesu," akasema padre, "maana redio anazijua." Hivyo ndivyo alivyogeuka mtu wa kompyuta akiwa na miaka thelathini na sita, kitabu cha Kiingereza kushoto, kamusi kulia.

Aliyemshika mkono ni Dickson, mtumishi mwenzake wa zamani aliyehamia Dar es Salaam. Dickson alimtumia programu huria, zile ambazo walioziandika huziacha wazi ili kila mtu azisome, azirekebishe na kuzigawa. Uwesu alizipenda kwa sababu ileile iliyomfanya apende redio: ungeweza kufungua mfuniko ukaona kilichomo. Mojawapo ya programu hizo ilikuwa ya kufuatilia ukuaji wa watoto, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kazi ya maisha yake, na karibu iwe aibu ya maisha yake.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kila mwezi watoto wa vijiji kumi na kimoja, toka Chiola hadi Mandawa, walipimwa kwa mizani ya kuning'iniza. Wasaidizi wa vijiji waliandika uzito kwenye daftari, na mtoto ambaye hakuletwa walimchorea kistari mbele ya jina. Daftari zilifika kituoni ndani ya kiroba, Uwesu akaziingiza kwenye mashine; penye kistari aliacha nafasi tupu. Programu ilimfuata kila mtoto tangu kuzaliwa, ikachora mstari wa kukua kwake, kisha ikatoa karatasi mbili. Ya kwanza iliorodhesha waliopungua. Ya pili iliorodhesha wasioonekana.

Nesi Getruda Komba, mkuu wa kliniki, Mngoni wa Songea aliyeletwa huku na kazi, na hivyo mtani wa Myao yeyote, aliithamini ile ya pili kuliko ya kwanza. "Mtoto anayepungua mbele ya macho yangu simwogopi," alikuwa akisema. "Namwogopa ambaye sijamwona." Alimkabidhi karatasi hiyo Filbert, mhudumu mwenye mapaja ya chuma, naye akapanda baiskeli na kuwafuata watoto mmoja mmoja hadi kwenye vibanda vya mashambani.

Mwaka elfu mbili na nne watoto kwenye mashine walipita elfu nne. Hesabu ikaanza kuchukua saa tatu na robo. Oktoba Uwesu alijaribu mara nne, na mara zote nne jenereta lilikohoa zikiwa zimebaki kurasa chache tu. Alizunguka chumba kile kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Akamwandikia Dickson. Jibu lilikuja mwishoni mwa Novemba na mtu wa basi, limefungwa pamoja na sidii: "Kaka, usitafute mashine mpya. Ifundishe uliyonayo kukimbia."

Hapa ieleweke kidogo. Programu huandikwa kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma, lakini mashine haiyajui maneno hayo. Kati yao husimama programu nyingine, kompaila, ambayo huyageuza kuwa maagizo ya mashine. Na kompaila unaweza kuipa masharti ya namna ya kugeuza, maneno mafupi ambayo mafundi huyaita flagi. Dickson alikuwa amemwandikia mbili kwa kalamu nyekundu, -O3 na -ffast-math, na pembeni ameweka: "Hizi ni pilipili. Utaona."

Uwesu aliona. Aliigeuza upya programu kwa flagi zile, akaiendesha, na saa tatu na robo zikawa saa moja na dakika hamsini. Alitoka nje akapiga kofi moja kubwa peke yake. Kitabu cha kompaila kilikuwapo kwenye sidii, na ukurasa unaoeleza flagi ile ya pili ulikuwapo. Alisoma nusu yake ya juu, ile inayosema kwamba hesabu itakwenda kasi.

Desemba karatasi ya pili ilitoka na kichwa cha habari tu: WASIOONEKANA. Chini yake, peupe.

"Mtani," alisema Getruda, akiigeuza nyuma na mbele, "hii mashine yako leo imekula majina au imefunga?"

"Wanawake wamesikia, mtani. Miaka yote unawapigia kelele kliniki, kliniki. Ulitaka wasisikie mpaka lini?"

"Myao akikusifu, shika pochi yako," alisema Getruda, lakini alicheka, na meno yake yote yalionekana.

Januari ikawa vilevile. Kichwa cha habari, na peupe. Filbert akafuta vumbi baiskeli yake na kuiegemeza ukutani. "Mimi nimestaafishwa na kompyuta," aliwaambia watu. "Msinionee wivu." Mgeni kutoka wilayani alisifu kituo mbele ya wagonjwa, na Getruda, aliyekuwa na kazi za watu watatu mabegani, hakufungua daftari hata moja. Kwa nini afungue? Tangu mashine ilipoanza kumhesabia, ilikuwa haijawahi kumdanganya.

Wa kwanza kuacha kulala vizuri alikuwa Uwesu, na hakujua kwa nini. Furaha ilikuwa imekaa mwilini mwake kama shati la mtu mwingine. Aliipangusa mashine vumbi, akakagua nyaya, akakagua tena. Februari, asubuhi moja, alikuwa amesimama na kikombe cha chai uani kwake, Mwamina akichambua mchicha.

"Nilikwenda Mandawa jana kumwona dada," alisema Mwamina. "Nimekuta mlango umefungwa kwa kamba. Mtaa mzima hivyohivyo. Hata kuku wamewahamishia shamba."

"Wameenda kulinda nguruwe."

"Sasa mwezi huu wangekuwa wapi? Mahindi yanaanza kubeba, ukilala siku moja umewalimia nguruwe. Kijiji kimebaki na vikongwe na mbwa."

Uwesu alikiweka kikombe chini polepole. Kila mwaka ilikuwa hivyo. Mvua zikikolea, watu wa huku huhamia mashambani, wakaishi vibandani kwa miezi mitatu wakipiga madebe usiku kufukuza nguruwe pori. Wanakula makopa ya muhogo mpaka yaishe, na kliniki inakuwa mbali. Kila Januari na Februari karatasi ya wasioonekana ilikuwa ndefu kuliko miezi yote. Ilikuwa lazima iwe ndefu. Na mwaka huu, katika msimu wa nguruwe, mashine imesema kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyekosa.

"Baba Mbaruku, chai yako!"

Alishafika barabarani.

Saa mbili jenereta lilipowaka, daftari la Mandawa lilikuwa wazi juu ya meza. Alipitisha kidole kwenye safu ya Januari. Kistari. Kistari. Chini kidogo, kistari kingine. Tisa, katika kijiji kimoja. Mmoja wao, Shakila binti wa Semeni, mwenye umri wa mwaka na miezi miwili, alikuwa na vistari viwili vinavyofuatana, Desemba na Januari.

Kwanza alidhani aliingiza vibaya. Alitazama kwenye mashine: nafasi zao zilikuwa tupu, kama inavyotakiwa. Akatunga mtoto wa uongo, akampa jina la Jaribio, akamwacha bila uzito, kisha akaendesha hesabu ya Mandawa peke yake. Karatasi ya pili ilitoka nyeupe. Akamtafuta Jaribio alikokwenda. Mashine ilikuwa imemwandikia neno moja: SAWA.

Mtoto ambaye hakuwapo duniani alikuwa na afya njema.

Uwesu aliifungua programu yenyewe na kutafuta mahali panapouliza swali. Swali lilikuwapo, waandishi hawakulisahau: *Je, huu uzito ni namba? Kama si namba, mwandike kwa wasioonekana.* Alilisoma mara saba. Halikuwa na kosa. Ni kama kumsikia mlinzi akisema yuko macho wakati mwizi anapita mlangoni.

Ndipo kalamu nyekundu ya Dickson ilipomjia. Aliziondoa flagi zote mbili, akaigeuza programu upya. Kila kugeuza kulichukua dakika arobaini. Alikwenda kisimani akarudi, akaenda mapokezi akarudi, akahesabu bati za paa. Programu ilipokuwa tayari akaiendesha, na karatasi ya pili ikatoka na majina kumi: watoto tisa wa Mandawa, na Jaribio. Akarudisha ile flagi ya kwanza peke yake. Dakika nyingine arobaini. Majina kumi, yote yapo. Akaondoa ya kwanza, akaweka ya pili peke yake, na sasa ilikuwa saa nne na nusu. Alisimama mbele ya mashine akiisihi kwa Kiyao, lugha ambayo hakuwahi kuizungumza nayo.

Peupe.

Sasa alikisoma kitabu, ukurasa uleule, lakini nusu ya chini. Alisoma kwa kamusi, neno kwa neno, jasho likidondoka juu ya kamusi. Anayeitumia flagi hii, kilisema, anaiahidi kompaila kwamba kila kitakachoingia kwenye hesabu kitakuwa namba ya kweli. Nafasi tupu haitatokea kamwe. Na kompaila huamini. Ikishaahidiwa hivyo, kila swali la "je, hii ni namba?" inaliona ni la kupoteza muda, inalifuta ili mashine iende mbio. Swali likishafutwa, mtoto asiye na uzito hupita kwenye swali linalofuata: *Je, uzito wake uko chini ya kiwango?* Kitu kisicho namba hakiko chini ya kitu chochote. Basi anaandikwa SAWA.

Kompaila haikukosea, na walioandika programu hawakukosea. Yeye ndiye aliyeapa, akaapa asichokijua, kwa ajili ya saa moja na dakika ishirini na tano.

Jenereta likazimwa. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine, na wazo lilimjia, lazima lisemwe. Angeweza kuiacha programu bila flagi, kesho akatoa karatasi ndefu, akasema, "Mtani, mwezi huu wamekosa wengi, msimu wa nguruwe." Hakuna ambaye angeuliza. Lakini kabla ya kesho kulikuwa na leo, na mtoto mwenye vistari viwili alikuwa na leo tu. Uwesu alichukua daftari la Mandawa akaenda jikoni kwa wagonjwa, alikokuwa Getruda akipima unga wa uji wa lishe.

"Mtani, umekuja kuonja? Foleni iko kule."

"Nesi," alisema Uwesu.

Getruda aliacha kikombe cha kupimia ndani ya unga. Kwa miaka saba Uwesu alikuwa hajamwita nesi.

Alimweleza akiwa anatembea, kutoka mlango hadi jiko, jiko hadi mlango. Getruda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akalichukua daftari na kupitisha kidole mahali palepale.

"Desemba pia?"

"Desemba pia."

"Na vijiji vingine?"

"Sijafungua. Vitakuwa vilevile."

"Uliniambia wanawake wamesikia."

"Nilikuambia."

"Nami nikacheka." Alifunga daftari. "Uwesu, hebu nieleze mimi nisiyesoma kompyuta. Hukuweza kufanya nusu ya vijiji leo na nusu kesho?"

Ilikuwa njia rahisi kuliko zote, na katika wiki zote za Oktoba haikumpitia kichwani, kwa sababu ilitaka kungoja kesho.

Getruda hakungoja jibu. Alitoka uani akapaza sauti, na ndani ya nusu saa kila aliyejua kusoma katika kituo kile, mpaka mpishi, alikuwa na daftari mapajani. Walihesabu vistari kwa mkono. Walipata watoto arobaini na mmoja. Filbert alisimama akawatazama, akaondoka kwenda kuijaza upepo baiskeli.

"Mandawa nakwenda mimi," alisema Uwesu.

"Wewe hujui kupima."

"Nionyeshe sasa hivi."

Alionyeshwa: ndoano juu, suruali ya mtoto chini, sindano kwenye sifuri kwanza, mtoto atulie ndipo usome. "Atulie," alirudia Getruda. "Umenisikia? Usisome sindano inayocheza."

Aliazima baiskeli ya katekista akaondoka na mizani mgongoni. Njia ya Mandawa ilikuwa tope jekundu linalonata kwenye gurudumu hadi likagoma kuzunguka. Alishuka, akakwangua kwa kijiti, akapanda, akashuka tena. Kijijini alikuta milango imefungwa kwa kamba, kama alivyoambiwa. Bibi mmoja alimwelekeza kwa kidevu: bondeni, vuka kijito, fuata ufuta mpaka uone moshi. Watoto wanne wa kwanza aliowakuta vibandani walikuwa wachafu na wazima, wanakimbizana, na kila mmoja alimpa pumzi kidogo. Akajiambia huenda Mungu amemsitiri. Kibanda cha Semeni kilikuwa cha tano.

Semeni alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, Mmakua, mumewe amekwenda kutafuta kibarua Nanganga tangu mwisho wa Novemba. Alikuwa ameketi kizingitini, mtoto mapajani. Aliitazama mizani kabla ya kumtazama Uwesu.

"Karibu," alisema. "Filbert yuko wapi?"

"Yuko Chiola. Mimi naitwa Uwesu, ni wa kliniki. Nimekuja kumpima Shakila."

"Mpime. Hali chakula vizuri. Makopa hataki, maziwa yamenikauka."

Shakila hakulia alipovalishwa suruali ya mizani, na hilo lilimtisha Uwesu kuliko kilio. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimegeuka rangi ya kutu. Alimtundika kwenye nguzo ya paa. Sindano haikucheza hata kidogo. Kilo sita na robo.

Hakukaa. Alimbeba mtoto kifuani kwa kanga, Semeni akapanda nyuma kwenye keria na mizani mkononi, na penye tope walishuka wote wakasukuma. Njia nzima aliongea: habari za redio, za bei ya ufuta, za wanawe, chochote, na kila baada ya muda aliinamisha kichwa kusikiliza kama pumzi ingalipo. Ilikuwapo.

Katika siku kumi na mbili Filbert na wenzake waliwafikia watoto wote arobaini na mmoja. Saba walilazwa. Uwesu aliipa mashine kazi ya vijiji vitano siku moja na sita siku inayofuata, bila flagi yoyote, na kabla ya kumpa Getruda karatasi alihesabu vistari kwa kidole, akalinganisha. Aliwaandikia pia wale waliotunga programu, mbali huko wasikojua Ruangwa ni nini. Aliwaomba waweke onyo kwa herufi kubwa mahali ambapo mtu mwenye haraka atalikanyaga kabla ya kulisoma. Walimshukuru, wakaliweka. Dickson alipopigiwa simu alisema, "Kaka, mimi flagi hizo nazitumia kwa picha tu. Sikufikiria watu."

Shakila alikuwa kitanda cha dirishani. Siku ya sita aliushika mwenyewe mkono wa kijiko. Siku ya kumi na moja uvimbe ulikuwa umetoka, na alimpiga Filbert teke alipotaka kumnyang'anya kikombe, na wodi nzima ikashangilia lile teke.

Uwesu alipita pale kila asubuhi kabla ya saa mbili. Siku hiyo Semeni alimwonyesha ukingo wa kitanda.

"Kaa."

Akakaa.

"Nina swali, bwana wa kliniki. Mwaka jana tulihamia shamba hivihivi. Nikachelewa mwezi mmoja, Filbert akaja. Mwaka juzi akaja. Safari hii maziwa yalipokauka sikuogopa. Nikasema, si wanajua sipo? Atakuja. Kila siku nasikiliza baiskeli." Hakuwa na hasira. Alikuwa akifuta uji kidevuni mwa mtoto kwa ncha ya kanga. "Kwenye lile daftari lenu, mwaka huu mlituweka wapi?"

Uwesu alikuwa na jibu refu. Lilikuwa na kompaila ndani yake, na flagi, na kitabu cha Kiingereza, na jenereta, na lote lilikuwa kweli. Alimtazama Shakila, naye Shakila akamtazama kwa yale macho makubwa ya mtoto aliyerudi kutoka mbali.

"Kwenye wazima, mama," alisema, kwa sauti ambayo kitanda cha pili hakikuisikia. "Niliwaweka kwenye wazima."